Artisti ao Artiza

Miaka michache iliyopita niliingia ofisi moja hapa Goma kuomba karatasi ya kutundika kibao changu barabarani. Kijana wa mezani hakuinua kichwa.

"Papa, unafanyaka kazi gani?"

Nikamwambia ninachoraka: vibao vya salo na mitindo yake ya nywele, vya maduka ya dawa, majina ya magari, na mara mojamoja sura ya marehemu kwa ajili ya kilio.

"Sasa weye ni artisti ao artiza?"

Fomu yake ilikuwa na visanduku viwili: "artiste", na "artisan", yaani fundi wa mikono. Nikamwomba aweke alama kote kuwili, akasema haiwezekani, nirudi Jumatatu nikiwa nimeamua.

Nilirudi mtaani kwetu Murara kwa miguu nikiwa nimenuna. Swali hilo marehemu baba hakuwahi kuulizwa. Yeye alikuwa fundi wa chukudu, yale magari ya mbao yenye magurudumu mawili yanayoteremka kutoka Kibumba na makala (makaa), viazi na kabichi. Alikata kipande cha gogo la mkaratusi, akapigilia msumari katikati, akafunga kamba, akazungusha mkaa kupata duara. Kisha shoka dogo, kisha patasi. Gurudumu likikubali kuzunguka, alilivisha mkanda wa tairi kuukuu na misumari, tumboni akatia rulma (beringi) ya gari bovu. Juu ya ubao, pale dereva atakapoegemeza goti, alipigilia kipande cha kandambili. Halafu alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja. Kama mkunjo wa mbele haujamridhisha alichukua randa tena, ingawa gunia la makala lingefika mjini vilevile. Ile randa ya mwisho, isiyoongeza hata kilo moja ya mzigo, ingeingia kisanduku gani?

Majirani zetu wangejibu: huo ni ufundi. Fundi, kufunda, kufundisha, mzizi ni mmoja. Kwa Kiswahili chetu cha Goma neno "msanii" halisikiki sana. Artisti ni mwimbaji, mwenye miwani ya jua, redio zinamjua. Wenzetu wa Tanzania ndio wenye sanaa, na baraza lake la taifa walilianzisha 1984. Lakini sanaa yenyewe ni neno la Kiarabu, na huko lilitaja kazi ya mikono. Leo Mwarabu akisema uchoraji na muziki hutumia "fann", na ndugu za "sanaa" amewaachia viwanda. Sisi nasi hiyo "fann" tumeifanya fani, yaani eneo la ujuzi wowote. Maneno mawili yalipanda jahazi moja, yakashuka pwani yamebadilishana kanzu.

Neno la Waingereza, "art", nalo limehama nyumba. Limetoka Kilatini, na kwa karne nyingi lilikuwa ufundi tu: wa tabibu, wa vita, wa kushona viatu. Vyuoni hata hesabu na elimu ya nyota zilihesabiwa humo, ndiyo maana mpaka leo mtu hupata shahada ya "arts" bila kushika brashi. Mwaka 1746 Mfaransa Charles Batteux aliandika kitabu kilichoweka muziki, ushairi, uchoraji, uchongaji na dansi chini ya mwavuli mmoja wa "beaux-arts". Mwaka 1768 London ikapata Royal Academy yake, na waliochonga picha kwenye sahani za shaba ili zichapwe wakanyimwa uanachama kamili, eti wananakili tu. Nadhani fomu ya yule kijana ilianza kuandikwa siku hizo. Wabelgiji walituletea ikiwa tayari na visanduku vyake.

Neno halikupanda cheo bila kuacha harufu nyuma. Kwa Kiingereza mtu "artful" ni mjanja. Dar es Salaam ukiambiwa "huo ni usanii" ujue umetapeliwa, na huko huko "mafundi" wanaweza kuwa waganga. Mchoraji Chéri Samba alianza Kinshasa akichora vibao kama mimi, akafungua karakana yake 1975. Mwaka 1989 kazi zake zilitundikwa Paris katika maonyesho makubwa, na walioyaandaa, wakilikwepa neno "artiste", wakawaita wote waliomo wachawi wa dunia. Kisanduku cha tatu kumbe kipo.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima wetu wa moto, Nyiragongo, ulipasuka, lava ikashuka hadi mjini, na atelie ya baba ikabaki chini ya jiwe. Aliokoa msumeno na randa. Jiwe lilipopoa watu walilivamia kwa nyundo na tindo, wakajenga nyumba kwa kilekile kilichozimeza. Angalia ukuta wa jiwe jeusi: fundi mzuri hafichi viungo, huvifuata kwa mstari wa saruji, kila jiwe likaonekana na umbo lake.

Baadaye mjini ikasimamishwa sanamu ya rangi ya dhahabu ya dereva wa chukudu. Nilimpeleka baba kuiona. Aliizunguka polepole, akafumba lile jicho moja.

"Iko muzuri," alisema. "Lakini haizungukake."

Jumatatu nilirudi ofisini. Kijana hakungoja jibu langu. Aliweka alama kwenye artiza, kwa sababu, alisema, nguo zangu zina rangi. Kisha akatoa simu, akanionyesha picha ya mama yake, akauliza ningemchora kwa bei gani, kubwa, ya sebuleni. Nikamtajia. Akashika kichwa.

"Eh, papa! Ile njo bei ya artisti."