Simu yako inalia kwa mwizi: mutego wa kode ya nyota 21

Watu wengi wa Bukavu na Goma wamekwisha kujifunza jambo moja juu ya utapeli wa simu: ujumbe wa WhatsApp ukija kuomba makuta, usitume kwanza, mupigie mwenyewe umusikie. Ni shauri zuri. Lakini kuna mutego unaoharibu hata shauri hilo, kwa sababu simu unayopiga inapokelewa na mwizi.

Chombo chake ni huduma ya kawaida ya rezo, ile inayoitwa kwa Kifaransa renvoi d'appel, yaani kuhamisha simu. Ilitengenezwa ili mtu aliyeacha telefone nyumbani aweze kupokelea simu zake kwenye namba ingine. Inawashwa kwa kupiga *21*, namba itakayopokea, halafu dieze (#). Kode hii si ya kampuni moja, ni ya rezo za GSM duniani.

Mwizi anapiga akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu. "Papa, laini yako itafungwa leo mangaribi. Andika hii kode, tuiokoe." Namba iliyo ndani ya kode ni ya mwizi, lakini yeye anaweza kusema ni namba ya dosie yako. Unabonyeza, skrini inaonyesha kwamba ombi limekubaliwa, unamushukuru. Toka hapo, kila anayekupigia anaangukia kwake.

Kisha anafungua WhatsApp kwa namba yako. WhatsApp inatuma kode ya tarakimu 6 kwa SMS, na SMS haihamishwi, inabaki kwako. Kwa hiyo anachagua kupigiwa: mashine inasoma kode kwa sauti, na yeye ndiye anasikia. Ukiona SMS ya WhatsApp yenye kode ambayo hukuomba, ujue kuna mtu anajaribu mulango wako saa ile ile.

Tuchukue mama anayeuza bitenge Nyawera, mwenye mtoto anayesoma Kinshasa. Mtoto ananaswa. Mama anapata ujumbe kwamba mtoto yuko hospitali, atume dola 50 haraka. Mama ana akili, anapiga namba ya mtoto. Anapokea mwanaume, anajiita infirmier, anasema mgonjwa hawezi kuongea. Mama anatuma.

Kuhamisha simu peke yake hakumupatii mwizi PIN yako ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Makuta anayokula ni ya ndugu zako. Na tangu mabenki ya Goma na Bukavu yalipofunga milango mwanzoni mwa 2025, jamaa nyingi zilibaki na simu tu kama njia ya kusaidiana.

Dalili ya kwanza ni kimya: siku nzima hakuna anayekupigia, ingawa wewe ukipiga inatoka. Initi pia zinaweza kuisha ovyo, kwa sababu kwa kawaida safari ya simu iliyohamishwa inalipwa na mwenye laini.

Kuhakikisha, piga *#21#. Ukiona namba usiyoijua, piga ##21# kuzima, ao ##002# kuzima kila aina ya kuhamisha. Kama una laini mbili, fanya hivyo kwa kila moja. Kuzima telefone ao kununua mpya hakusaidii, maana agizo limehifadhiwa kwenye rezo, si ndani ya kifaa. Kwa *#61# na *#62# unaweza kuona namba ya kisanduku cha sauti cha rezo yenyewe. Hiyo si mwizi. Na ile habari inayozunguka kwamba *#21# inaonyesha kama serikali inakusikiliza ni uongo: inaonyesha kuhamisha simu tu.

Kinga kubwa zaidi inachukua dakika 2. Ndani ya WhatsApp, ingia Paramètres, Compte, halafu Vérification en deux étapes, uweke PIN yako. Hapo hata mwizi akisikia kode, atakosa ufunguo wa pili.

Aliyekwisha kunaswa azime kuhamisha kwanza, kisha afungue tena WhatsApp kwa namba yake. Mwizi anatolewa palepale. Lakini kama mwizi aliweka PIN yake, WhatsApp inaweza kumungojesha mwenyewe siku 7. Siku hizo ni ndefu, kwa hiyo apige simu na kutuma SMS kwa ndugu bila kungoja.

Kwa anayeombwa makuta, bora apigie mtu mwingine aliye karibu na muombaji, ao aulize kitu kinachojulikana nyumbani tu: jina la utani la koko, mboga iliyopikwa siku ya kilio.

India ilichukua njia nyingine: serikali iliagiza kampuni za simu zisimamishe kuhamisha simu kwa kode za USSD toka tarehe 15 Aprili 2024. Hapa kwetu hata SMS moja ya onyo kwa Kiswahili na Lingala, kila mara laini inapohamishwa, ingeokoa makuta mengi, na haiwezi kuwa kazi ngumu kwa rezo.