Times New Roman: jina lilitoka wapi?

Hapa Goma, ukipeleka kazi yako ya kumaliza masomo kwenye sekretaria, mwenye kuchapa haulizi hata. Anaweka Times New Roman, 12, basi. Ndiyo wanaita "police" kwa Kifaransa, na mutu asiyezoea ordinatere anaweza kushituka. Lakini police ile haina undugu na polisi wa barabarani. Ilitoka kwa neno la Kiitalia polizza, yaani hati.

Times ni gazeti la London. Mwaka 1929, Stanley Morison, mshauri wa kampuni ya Monotype, alilaumu gazeti hilo kwamba linachapwa vibaya na herufi zake zimezeeka. Wenye gazeti wakampa kazi ya kutafuta zingine. Zikatoka tarehe 3 Oktoba 1932. "New" ni mpya, juu zilifuata za zamani. "Roman" ni ya Roma: ndivyo wachapaji wanaita herufi zinazosimama, si zile zinazolala.

Lakini jina hilo linaficha watu. Aliyeshika kalamu ni Victor Lardent, mchoraji wa matangazo wa gazeti lilelile. Na yeye hakuanza na karatasi tupu: alifuata herufi ya Monotype ya mwaka 1913, iitwayo Plantin. Hapo njo tunafika kwa Wabeleji. Christophe Plantin, mzaliwa wa Ufaransa, alianza kuchapa vitabu kule Anvers mwaka 1555, bandari ileile ambako meli ziliondoka kuja Matadi wakati wa ukoloni. Nyumba yake ni makumbusho tangu 1877, na mfano wa herufi ulichukuliwa humo. Ila hakuzichonga yeye. Ni Robert Granjon, fundi Mfaransa: kila herufi kwenye ncha ya chuma, chuma kinapigwa ndani ya shaba, kisha risasi inamiminwa.

Basi Granjon alichonga, Plantin akaitwa. Lardent alichora, gazeti likaitwa. Sawa vile kiti cha mwami: tunajua aliyekikalia, fundi amesahauliwa.

Times New Roman iliingia ndani ya Windows mwaka 1992, na kwa njia hiyo ikafika kwetu. Gazeti lenyewe lilikuwa limeiacha tangu 1972.