Historia ya Kuvundika Matunda

Wahenga walisema kwamba mvumilivu hula mbivu. Hata hivyo, binadamu hakukubali kungoja siku zote. Tangu zamani alitafuta njia ya kuliharakisha tunda, na njia hiyo twaiita kuvundika. Katika nchi za maziwa makuu, kama vile Rwanda na Burundi, ndizi za pombe zilifukiwa shimoni, zikafunikwa kwa majani ya mgomba, na moshi ukaingizwa ndani. Baada ya siku chache zilitoka laini na tamu. Wazee walijua kwamba moshi huivisha, ila kilichomo ndani ya moshi hakikuonekana kwa macho.

Siri hiyo ilifumbuliwa mbali na migomba. Mwaka 1901, katika mji wa St. Petersburg, Dimitry Neljubow alieleza kwa nini miche ya njegere ilidumaa na kupinda katika chumba kilichoingiwa na gesi ya taa. Sababu yake ilikuwa ethileni, gesi isiyo na rangi. Wakati huo wakulima wa California walikuwa na desturi ya kuweka majiko ya mafuta ya taa ghalani ili malimau yao ya kijani yageuke manjano. Walidhani kwamba joto ndilo lililofanya kazi. Mwaka 1912 Sievers na True walionyesha kwamba si joto, bali ni hewa chafu itokayo jikoni. Mwaka 1924 Denny akathibitisha kwamba ethileni huweza kuyageuza malimau rangi. Hatimaye, mwaka 1934, Richard Gane wa Uingereza alithibitisha kwamba tofaa linaloiva hutoa ethileni lenyewe. Basi gesi hii ni homoni, yaani mjumbe wa mmea mwenyewe.

Mjumbe huyo hapokewi namna moja na kila tunda. Ndizi, embe, papai na parachichi lililokomaa huendelea kuiva baada ya kuchumwa: katika ndizi na embe wanga hugeuka sukari, nyama hulainika, na mara nyingi ukijani hutoweka. Ndiyo maana tunda moja bivu huwaivisha wenzake kapuni. Lakini limau na chungwa sivyo. Ethileni huondoa ukijani wa ganda, wala haiongezi sukari ndani. Hapo rangi imebadilika, utamu umebaki ulivyokuwa.

Mji wetu wa Eldoret ulifikiwa na reli mwaka 1924, mwaka uleule wa kazi ya Denny. Uko juu ya mita 2,000, na baridi hupunguza mwendo wa kuiva. Mchuuzi anayefunika ndizi kwa magunia huzipatia joto na kuizuia ethileni yao isipotee. Kazi yake ni ileile ya wazee wa shimoni.

Wataalamu wa Kenya nao waliijaribu elimu hii. Mwaka 1970 Browning na Cannell, wa kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, walichapisha habari za dawa itoayo ethileni ndani ya mmea, inayoharakisha kuiva kwa buni. Faida yake yafahamika: buni haziivi pamoja, na mchumaji hulazimika kurudi kwenye mti uleule mara nyingi. Lakini ganda likiwa jekundu kabla ya punje kukomaa, wekundu huo haumsaidii mnywaji.

Kuna njia nyingine ya hatari. Baadhi ya wachuuzi hutumia kabaidi, ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Ikipata unyevu hutoa asetileni, gesi inayoiga kazi ya ethileni. Lakini kabaidi ya viwandani huweza kuwa na chembe za arseniki na fosforasi, ambazo ni sumu. Mnunuzi huona manjano mazuri tu. Sumu haina rangi.

Wewe msomaji, fanya jaribio hili. Tia ndizi mbichi iliyokomaa pamoja na ndizi mbivu katika mfuko wa karatasi uliofungwa, na nyingine mbichi iweke peke yake. Zitazame kila siku, kisha zionje zote mbili. Ukienda sokoni tena, usiulize rangi ya tunda tu. Uliza pia lilichumwa lini, na limevundikwa kwa nini.