Osmosisi

Osmosisi ni mwendo wa maji kupenya utando unaoyaruhusu kupita huku ukizuia chembe nyingi zilizoyeyuka ndani yake. Maji huelekea upande wenye myeyusho mzito zaidi, na seli haitumii nishati kuyasukuma. Mfaransa Jean-Antoine Nollet alilieleza jambo hili mwaka 1748.

Katika seli nyingi, maji hupita kwa wingi kwenye protini ziitwazo akwaporini, ambazo ugunduzi wake ulimpatia Mmarekani Peter Agre sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Seli nyekundu ya damu ikitiwa katika maji matupu huvimba hadi kupasuka. Katika maji ya chumvi kali hunywea. Ndiyo maana dripu ya kawaida ya chumvi huwa na gramu 9 za chumvi kwa lita, kiwango kinacholingana na cha seli, ili zisivimbe wala kunywea.

Tofauti na osmosisi, ambapo maji ndiyo husogea, katika difyusheni chembe zenyewe husambaa kutoka penye wingi kwenda penye uchache, kama oksijeni inavyoingia kwenye damu mapafuni. Uchujaji nao husukumwa na shinikizo: figo za mtu mzima huchuja takribani lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, na karibu yote hufyonzwa tena.