Ampli ya lampu na kaske: hatari ya zamani, masikio ya leo

Ampli ndogo za lampu za kusikilizia muziki na kaske zimerudi. Batu wanazipenda juu ya sauti yake na ule mwangaza mwekundu. Nyingi zinatengenezwa na mafundi wadogo, moja moja, kwao nyumbani. Mbele ya kununua, tuangalie historia kwanza.

Lampu ya kukuza sauti ilianza na Lee De Forest, Marekani, mwaka 1906. Tofauti na transista iliyokuja 1947, lampu kwa kawaida inataka volti nyingi: 100, 200, hata 300. Miaka ya 1930, posti za redio nyingi zilikuwa zinakula umeme wa ukutani. Ili bei ishuke, fabriki zingine ziliondoa transfo. Lakini transfo njo inatenganisha mtu na umeme wa ukutani. Bila yenyewe, shasi ya chuma inashikamana na waya mmoja wa prizi. Ukigeuza fishi, shasi yote inakuwa na umeme. Kinga ilibaki sanduku la mbao na vifungo tu. Kifungo kikitoka, kidole kinagusa chuma.

Jirani wetu walichagua njia ingine. Mwaka 1949, kule Northern Rhodesia, Zambia ya leo, Harry Franklin wa idara ya habari alipata kampuni ya Ever Ready itengeneze posti ya lampu 4, ya pauni 5, ndani ya alumini kama sufuria. Ikaitwa Saucepan Special. Ilitumia beteri, karibu saa 300, bila kugusa umeme wa ukutani hata kidogo. Kwa hiyo bei ndogo peke yake haiui mtu. Kinachoua ni kile fundi alichoondoa.

Ampli za kaske zinarudisha swali lile lile. Nyingi hazina transfo upande wa kaske: kondensateri njo inazuia volti kubwa. Ikipasuka ndani na kinga ingine hakuna, volti zinapanda mpaka kichwani. Na hata ukitoa fishi, kondensateri kubwa za ndani zinaweza kubaki zimejaa.

Hapa Lubumbashi iko mbaya zaidi. Nyumba mingi prizi hazina waya wa ardhini, na umeme ukirudi kisha delestaji, unaweza kuruka juu. Mwaka 1972, Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea kwa kugusa mikrofoni isiyofungwa vizuri na ardhi. Huyo alikuwa na mafundi karibu yake. Wewe uko peke yako ku chumba, usiku.

Basi uliza fundi: transfo iko? Shasi imefungwa na waya wa ardhini? Fizibo iko? Nini inamwaga umeme wa kondensateri kisha kuzima? Nini inalinda kaske? Akikujibu tu kwamba sauti ni nzuri, bakisha feza zako ku mufuko.