Gololi na Misumari: Kamari Isiyoitwa Kamari

Wajapani wana maneno mawili ambayo mfasiri hana budi kuyatenga: *tobaku*, yaani kamari, na *yūgi*, yaani mchezo. Sheria yao ya jinai ya mwaka 1907 yalikataza la kwanza. La pili laruhusiwa kwa masharti. Baina ya maneno hayo umejengeka utajiri mkubwa wa gololi za chuma, uitwao pachinko.

Asili yake ni kichezeo cha watoto. Katika miaka ya 1920 palikuwapo ubao wa mezani, mjukuu wa mchezo wa Ulaya uitwao bagateli, ambao gololi husukumwa ikapenya baina ya misumari. Ubao ule ukasimamishwa wima nyuma ya kioo, na kufikia mwaka 1930 hivi watu wazima wa mji wa Nagoya walikuwa wakiuchezea. Jina latokana na mlio wake, *pachi-pachi*. Vita vikaufunga. Baada ya 1945 ukafufuka katika miji iliyoungua, ambamo sigara na peremende zilikuwa zawadi za kutamanika. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Masamura Takeichi, mtu wa Nagoya hiyohiyo, aliipanga misumari upya kwa mafungu na mapengo, akatia na vipepeo vya kuzunguka, hata safari ya gololi ikawa ndefu na isiyotabirika.

Gololi yenyewe ina kipenyo cha milimita 11 na uzito wa gramu 5 na kitu. Zamani ilirushwa moja moja kwa kidole gumba; tangu miaka ya 1970 mkono wa umeme huzirusha mfululizo. Lakini siri imo katika misumari. Miwili iliyo juu ya tundu kuu huitwa misumari ya uhai, na kwa miaka mingi fundi wa duka aliigonga kwa nyundo ndogo usiku, wateja wakiisha kuondoka. Unene wa unywele ulitosha kugeuza faida ya kesho yake. Kanuni zimekataza jambo hilo.

Mwaka 1980 ilitoka mashine ya Sankyo iitwayo Fever, yenye tarakimu za kuzunguka: zikisimama 7 tatu, tundu hufunguka na gololi humiminika. Tangu hapo bahati ilianza kuhama kutoka kwenye msumari. Katika mashine za siku hizi gololi ikiingia tunduni, kompyuta huchagua namba papo hapo. Katika nyingi za kiwango cha juu nafasi ya kushinda ni kama 1 kati ya 319. Tarakimu mbili zinapolingana na ya tatu ikasitasita, mchezaji hukata pumzi. Hajui, au hataki kujua, kwamba hukumu imekwisha kutolewa.

Fedha je? Duka halitoi hata senti. Mshindi hubadilisha gololi zake kwa kijisanduku kidogo, mara nyingi chenye kipande cha dhahabu. Hutoka nje, akazunguka uchochoroni, akakipenyeza kwenye kidirisha ambacho kwa kawaida hata uso wa mnunuzi hauonekani, akapewa noti. Mnunuzi hukiuza kwa msambazaji, naye hukirudisha dukani. Kwa kuwa ni biashara tatu mbalimbali, kamari haikutendeka.

Maduka mengi yamemilikiwa na watu wa asili ya Korea, nchi iliyotawaliwa na Japani toka 1910 hadi 1945. Mwaka 1952 waliobaki huko walivuliwa uraia, na milango mingi ya kazi ikafungwa mbele yao. Huu, uliodharauliwa na wenyewe, ulibaki wazi. Ndipo Min Jin Lee alipoiita riwaya yake ya 2017 *Pachinko*.

Katikati ya miaka ya 1990 maduka yalizidi 18,000. Kufikia 2023 yalikuwa kama 7,000 tu. Katikati ya mporomoko huo, mwaka 2018, ilipitishwa sheria ya kukabiliana na uraibu wa kamari. Ikitaja mambo yanayohusika, sheria hiyo yaziweka mbio rasmi za farasi, baiskeli na mashua pamoja na pachinko. Ila haikuandika "kamari" tupu: iliongeza kiambishi *tō*, kwetu "na mengineyo". Mchezo uliokana jina miaka sabini umeingizwa humo kwa silabi moja.

Mwaka 2023 zilianza mashine ambazo gololi zake huzunguka ndani kwa ndani. Mchezaji huziona kiooni zikipita. Mkononi hazimfikii tena.