Bendera za Kenya Rifles na Deni la Ziwani

Kikosi cha askari wa miguu hubadilisha makamanda, kambi na hata jina. Bendera yake ndiyo hutunza kumbukumbu: hutariziwa majina ya vita, viongozi wa dini huiombea, na kila askari, awe mkubwa au mdogo, huipigia saluti inapopita. Kenya Rifles ilirithi desturi hii kutoka kwa King's African Rifles, KAR, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Mwaka huohuo Kisumu, iliyokuwa imefikiwa na reli miezi michache tu kabla, iliondolewa Uganda na kutiwa katika eneo ambalo baadaye liliitwa Kenya.

Vita vya Kwanza vya Dunia havikuchelewa kufika kwenye Ziwa Victoria. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii. Askari wa KAR walivushwa kwa meli kutoka Kisumu hadi Kendu, wakapanda vilima kwa miguu na kupambana nao siku nzima. Katika orodha ya majina ya vita waliyotunukiwa KAR utasoma Kilimanjaro, Nyangao, Gondar, Madagascar na Kalewa ya kule Burma. Kisii haimo. Hawamo pia wapagazi, maelfu kwa maelfu ya wanaume wa Nyanza waliobeba risasi na unga mpaka kusini mwa Tanganyika, wengi wao wakafa kwa kuhara na homa. Mpagazi hakuwa na bendera, na hilo naliona ni dhuluma kubwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 bendera ya Mwingereza ilishushwa, na vikosi vya 3, 5 na 11 vya KAR vikawa Kenya Rifles. Mwezi uliofuata, askari wa kikosi cha 11 waliasi katika kambi ya Lanet, karibu na Nakuru, wakilalamikia mishahara na kuendelea kuamriwa na maofisa Waingereza. Serikali ilikivunja kikosi hicho. Namba 11, iliyokuwa imepigana Burma, ikafutwa.

Ni Lanet hiyohiyo inayofunza maofisa leo, katika chuo kilichoitwa kwanza Armed Forces Training College, AFTC, na baadaye Kenya Military Academy. Hapo ndipo Rais huwatunuku makadeti kamisheni zao, mbele ya wazazi waliotoka kila pembe ya nchi.

Gwaride la taifa nalo limefika kwetu: Mamboleo, Kisumu, Sikukuu ya Madaraka ya 2021, kisha Homa Bay mwaka 2025. Watu wa ziwani waliziona bendera kwa macho yao, si kwenye televisheni.

Wewe ambaye babu yako aliacha nishani, kipande cha upagazi au barua ya kutoka Burma, usiviache viliwe na mchwa. Vipeleke Makumbusho ya Kisumu, na jina lake liandikwe.